Kibarua cha Siku Mbili na Fao la Kukosa Ajira



Jumamosi moja asubuhi tulikuwa kwenye kigango tunachotumwa kwa uchungaji wa mwisho wa juma. Somo la jumuiya siku hiyo lilikuwa mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Injili ya Mathayo sura ya 20. Baada ya sala ya kufunga, watu walipokuwa wakikunja mikeka na kuagana, mama mmoja alibaki nyuma akatusubiri kivulini. Alikuwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza mbele ya wenzake.

Mama huyo alishona nguo katika karakana moja kwa miaka sita. Mwaka huu mwenye karakana aliifunga, na wafanyakazi wakapewa barua za kuachishwa kazi. Kwa kuwa michango yake ilikuwa imepelekwa, alianza kulipwa fao la kukosa ajira. Mshahara wake ulikuwa shilingi 360,000 kwa mwezi. Fao linampa kama shilingi 120,000. Ana watoto watatu na chumba cha kupanga. Sasa fundi mmoja wa sokoni amemwita amsaidie kushona siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa shilingi 8,000 kwa siku. Alikuwa amekwenda wiki moja tu, na tayari usingizi umempaa. Akatuuliza: “Frateri, nikipokea hii elfu nane huku napokea na fao, nimemwibia nani?”

Tulikuwa watatu, na aibu yetu ni kwamba tulimpa majibu matatu. Mmoja wetu alisema ni wizi, aache mara moja. Wa pili alisema fedha za mfuko ni jasho lake mwenyewe, achukue na afanye kibarua chake kwa amani. Wa tatu alisema, “Mama, tutakuombea.” Njiani kurudi seminarini tulibishana mpaka getini. Baadaye tukakaa na wenzetu tukalisoma jambo hili upya, na makala haya ni matokeo ya kikao hicho. Tunaamini majibu yote matatu yalikuwa mabaya, na kwamba jibu sahihi linatudai kitu hata sisi tuliokuwa tunajibu.

Fao hili ni nini?

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi aliye mwanachama wa NSSF, kila mwezi hupelekwa kwenye mfuko mchango wa asilimia 20 ya mshahara wake. Mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi si zaidi ya nusu ya mchango huo. Watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya zamani. Ni katika mabadiliko hayo ya 2018 ndipo fao la kukosa ajira lilipoingia, wakati watu wengi walikuwa wamezoea kuzungumzia fao la kujitoa. Kwa maneno mafupi, mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuiacha kwa hiari yake, na ambaye hajapata kazi nyingine, analipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi isiyozidi sita.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, fao hili si sadaka. Mama yule hakupewa kwa huruma ya mtu. Alichangia, na mwajiri wake alichangia kwa ajili yake. Asione haya kulipokea. Wengi wa waamini wetu, wakulima, mama lishe na waendesha bodaboda, hawajawahi kuliona fao la namna hii, na tumewahi kusikia jumuiyani mtu akimtania aliyeachishwa kazi kwamba “analipwa kwa kukaa”. Utani huo unaumiza, tuuache.

La pili, fao hili si kibubu cha mtu binafsi alichokificha uvunguni. Mfuko ni wa wengi. Humo humo analipwa mzee aliyestaafu, humo humo wanalipwa mjane na yatima wa mwanachama aliyefariki. Anayechangia miaka thelathini bila kupoteza kazi anamshika mkono yule aliyepoteza kazi katika mwaka wa tatu. Kwa hiyo anayesema “ni jasho langu, nitachukua nitakavyo” amesema nusu ya ukweli. Ni jasho lake pamoja na jasho la wengine, na walikubaliana masharti.

Kanisa linafundisha nini?

Mtume Paulo, katika barua ya pili kwa Wathesalonike, anawakemea wasiotaka kufanya kazi. Mara nyingi maneno hayo yanarushwa kama jiwe kwa kila mtu asiye na kazi. Lakini Paulo anasema juu ya wasiotaka. Hasemi juu ya waliotafuta wakakosa. Wale wa shamba la mizabibu walipoulizwa kwa nini wamesimama pale mchana kutwa, jibu lao lilikuwa kwamba hakuna aliyewaajiri. Bwana wa shamba hakuwaita wavivu. Sisi Waswahili tunalielewa somo hilo bila maelezo ya pembeni, maana saa kumi na moja ya Injili ndiyo saa kumi na moja yetu, jua linapoelekea kuzama na mtu anafikiria atarudi nyumbani na nini. Bwana yule aliwapa dinari nzima kwa sababu dinari ndiyo iliyolisha familia kwa siku moja, na watoto wa aliyeajiriwa jioni wanakula sawa na watoto wa aliyeajiriwa alfajiri.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 18, anafundisha kwamba kuwapa wasio na kazi msaada wa kujikimu wao na familia zao ni wajibu. Anaonyesha kwamba wajibu huo unatokana na kanuni ya kimaadili kwamba mali ya dunia ni kwa matumizi ya wote, yaani kwa lugha nyepesi, haki ya kuishi. Tangu Papa Leo XIII alipotoa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa halijaacha kusema kwamba mfanyakazi si mashine inayozimwa na kutupwa stoo.

Lakini Kanisa hilo hilo linafundisha amri ya saba na ya nane. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu ulaghai na kughushi hati kuwa ni kwenda kinyume cha amri ya saba hata pale sheria ya nchi isipomkamata mtu. Namba 2412 inakumbusha kwamba kilichochukuliwa isivyo haki kinapaswa kurudishwa. Wapo wanaojitetea kwa namba 2408, inayosema kwamba katika hitaji la wazi na la haraka, la chakula, makazi au mavazi, kutumia mali ya mwingine huweza kusiwe wizi. Fundisho hilo ni la kweli na lina mizizi kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Lakini linahusu hali ambayo mtu hana mlango mwingine wa kugonga. Haliwezi kugeuzwa ruhusa ya kila mwezi ya kuthibitisha jambo ambalo si kweli.

Ukweli kwanza

Kwa hiyo tungemjibuje mama yule? Kwanza, kushona siku mbili sokoni si dhambi. Ni kazi ya mikono yake, ni adili, na inamtunza asisahau ufundi wake wala asikate tamaa. Mtu aliyefungiwa ndani kwa miezi sita akisubiri kazi hurudi kazini akiwa amepungua.

Pili, dhambi inaweza kuingia katika neno moja tu: pale anapothibitisha kwamba hana kazi huku anaficha kwamba anayo. Je, siku mbili za kibarua ni “kazi nyingine” kwa maana ya fao? Hapo ndipo wenzetu wawili walipokosea, kila mmoja kwa upande wake. Aliyesema ni wizi alijifanya hakimu dhidi ya mama, na aliyesema ni haki yake alimfanya mama awe hakimu wa kesi yake mwenyewe. Swali hilo lina mahali pake pa kuulizwa. Aende kwenye ofisi ya mfuko, aeleze siku, aina ya kazi na malipo, aandike barua, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Akiambiwa aendelee, aendelee kwa moyo mweupe. Akiambiwa lazima achague, atachagua akijua. Na kama kuna kilichozidi, atakubaliana nao jinsi ya kukirudisha kidogo kidogo.

Tunajua mtu atacheka akisoma hapa. Siku ile ile mzee mmoja wa jumuiya, aliyekuwa amesikia mwisho wa mazungumzo yetu, alisema: “Frateri, wakubwa wanakula mabilioni, wewe unamtisha mama wa watu kwa elfu nane?” Neno lake lilituchoma, na hatutaki kulikwepa. Ni kweli kwamba mahubiri yetu mara nyingi yana sauti kubwa kwa wadogo na sauti ndogo kwa wakubwa. Muungamishi anayemhoji fundi cherehani kwa dakika kumi, kisha akampitisha mwenye kampuni kwa nusu dakika, hajatenda haki. Lakini uongo wa mkubwa haugeuki kuwa ukweli mdomoni mwa mdogo. Na tuseme wazi, uongo unamgharimu maskini kuliko tajiri. Tajiri akigundulika ana wakili. Mama yule akigundulika atapoteza fao, ataogopa kwenda ofisini hata siku ya haki yake, na fundi wa sokoni akimnyima malipo hatakuwa na pa kulalamikia, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kujificha. Anayefanya kazi kwa siri hulipwa anachopewa, akanyamaza.

Sheria nayo imsaidie mtu kusema kweli

Hata hivyo tusimwekee mama mzigo wote. Tupige hesabu. Siku mbili kwa wiki ni kama siku nane kwa mwezi. Mara 8,000 ni shilingi 64,000. Kama kusema kweli kungemfanya apoteze fao lote la shilingi 120,000, basi kwa kufanya kazi angekuwa amepoteza shilingi 56,000. Mwenye watoto watatu hahitaji shule kubwa kuiona hesabu hiyo. Utaratibu wowote wa namna hiyo, popote ulipo duniani, unamweka maskini njia panda: akae bure, au adanganye. Njia zote mbili zinamharibu, na anayetunga utaratibu huo anashiriki katika lawama.

Tatizo hili si letu peke yetu, na wapo waliokwisha kulitafutia dawa. Ujerumani ina bima ya kukosa kazi tangu mwaka 1927. Huko anayelipwa fao anaruhusiwa kufanya kazi ndogo, mradi isifike saa 15 kwa wiki, na aiarifu ofisi. Euro 165 za kwanza katika mwezi haziguswi, na zinazozidi hapo hupunguza fao. Kanada inatumia njia nyingine: kwa kila dola moja anayoipata mtu kazini, fao lake hupungua kwa senti 50, mpaka kiwango fulani. Nchi hizo ni tajiri kuliko sisi na mifuko yao ni mikubwa. Lakini jambo tunaloweza kujifunza kwao halihitaji utajiri: wameandika wazi mpaka uko wapi, na wamehakikisha kwamba anayefanya kazi kidogo na kusema kweli habaki na fedha chache kuliko anayekaa.

Maoni yetu ni kwamba na sisi tunahitaji mpaka ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, unaobandikwa ukutani mahali mtu anaposubiri huduma: kibarua cha siku kadhaa kwa wiki, au cha malipo yasiyozidi kiasi fulani, kiarifiwe na kisiondoe fao, kikizidi hapo, fao lipungue taratibu. Katika nchi ambayo mtu aliyeachishwa kazi ya mshahara hurudi kwanza kwenye kibarua kabla ya kupata ajira, kibarua ndiyo ngazi ya kupandia. Tusiikate. Walei wetu walio katika vyama vya wafanyakazi, katika uanasheria na katika Bunge, hapa ndipo utume wao ulipo. Padre hatatunga kanuni za mifuko, wao wanaweza.

Na nyumba yetu je?

Tulipofika hapa katika kikao chetu, mmoja akauliza: mpishi wetu je, michango yake inapelekwa? Kimya. Hakuna aliyejua. Tunakula chakula chake kila siku, tunamwita mama, na hatukuwahi kujiuliza kama siku akiugua au jiko likifungwa atashika nini mkononi.

Namba 2436 ya Katekisimu inasema mambo mawili mahali pamoja. Inasema kwamba kukosa kazi kunajeruhi heshima ya mtu na kutikisa maisha yake. Na katika namba hiyo hiyo inasema kwamba si haki kuacha kulipa michango ya hifadhi ya jamii iliyowekwa na mamlaka halali. Mambo hayo mawili hayakuwekwa pamoja kwa bahati. Mwajiri anayemkata mfanyakazi halafu asipeleke mchango anamwibia mtu mapema, kabla hajakosa kazi. Mama yule wa karakana alikuwa na bahati kwamba ya kwake ilipelekwa. Wengi hugundua siku ya mwisho kwamba waliyekatwa kila mwezi hawana hata mwezi mmoja uliofika.

Kwa hiyo wale watakaokuwa mapadre kesho, na wajumbe wa kamati za fedha leo, wajiulize juu ya katekista, mlinzi, mpishi, dereva na mwalimu wa chekechea wa parokia. Tunaowaita “wanajitolea” kwa miaka kumi huku wakifanya kazi kutwa, je, kweli wanajitolea, au tumeamua hivyo kwa niaba yao? Parokia inayosisitiza ukweli wa fundi cherehani haina budi iweze kuonyesha stakabadhi za michango ya watu wake. Huko seminarini tumekwisha mwuliza mlezi wetu, kwa heshima, na hatukufukuzwa.

Gharama ya ukweli

Tulirudi kigangoni Jumamosi iliyofuata. Tulimwomba mama radhi kwa majibu yetu ya kwanza, tukamweleza tulichofikia. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: “Sawa, frateri. Nitaandika barua, na kwa fundi nitasimama kwanza mpaka wanijibu. Hizo siku watoto watakula nini?”

Tulilitazama jengo la kigango, tukatazamana. Swali lake lilikuwa la haki kuliko mahubiri yetu yote. Tulikuwa tumemshauri kusema kweli, na bei ya ukweli huo, shilingi 16,000 kwa wiki, tulikuwa tumemwachia alipe peke yake. Kwa idhini yake mwenyekiti wa jumuiya aliwaeleza wachache wanaoaminika. Hadi Jumapili jioni zilipatikana shilingi 21,500, kilo tano za unga, na fundi wa sokoni mwenyewe, ambaye si Mkristo, akakubali kumshikia nafasi kwa wiki mbili. Yule mzee wa mabilioni alitoa shilingi 5,000, na hakusema neno. Jumatatu mama alipanda daladala kwenda ofisini na barua yake.

Hilo ndilo tulilojifunza, na ndilo tunaloomba parokia zetu zilifikirie. Kusema kweli ni wajibu wa kila mmoja, na hatuwezi kumwondolea mtu wajibu huo kwa sababu ni maskini. Tukifanya hivyo tunamdharau. Lakini gharama ya kusema kweli isiachwe juu ya kichwa cha maskini peke yake. Sheria ichukue sehemu yake kwa kuweka mpaka ulio wazi na wa haki. Mwajiri achukue yake kwa kupeleka michango. Nasi jumuiya tuchukue yetu: mwanajumuiya akiachishwa kazi, tumtembelee kabla hajatutafuta, tumsaidie kuandika barua, tumsindikize ofisini, tumjazie pengo la wiki mbili. Mfuko wa matumaini wa jumuiya nyingi hufunguliwa msibani tu. Kukosa kazi nako ni msiba, na waliofiwa na kazi hawawekewi turubai.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye Papa Pio XII alimwekea sikukuu ya 1 Mei mwaka 1955, alilisha familia kwa mikono yake, na bila shaka zilikuwepo siku ambazo hakuna aliyemletea mbao. Atuombee sisi tunaofundisha ukweli, ili tusiufundishe kwa wengine kwa bei ambayo sisi wenyewe hatujawahi kuilipa.